Hata Tone Halikumwagika

Jumamosi ile ukungu ulichelewa kuondoka mlimani. Vitalis alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki, akaiacha ingurume taratibu uani mpaka injini ipate uvuguvugu, maana oili ya baridi ni nzito, haishuki yote. Hung'ang'ania humo ndani na uchafu wake kama mgeni asiyejua kuaga. Akaizima. Akaisimamisha kwa stendi kubwa mahali palipo tambarare. Chini ya injini akatandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake akaweka beseni kuukuu, na kandokando akapanga vitu vyake kama padre apangavyo altare: spana, faneli, matambara, dumu la oili mpya.

"Leo kuna misa hapa?" aliuliza mkewe, Gertruda, akitokea jikoni na ungo.

"Misa ya watu wasafi."

"Na sisi wachafu tupite wapi? Umeziba njia yote."

"Zunguka, mama Hilaria. Nikimwaga tone moja utaniimbia mwezi mzima."

Alifungua kifuniko cha juu kwanza ili hewa iingie, ndipo akalegeza nati ya chini. Alimalizia kwa vidole, akiisukuma ndani huku akiizungusha, na nyuzi za nati zilipokwisha akauvuta mkono haraka. Oili ikashuka nyeusi, nyembamba, katikati ya beseni. Hakuna kilichorukia boksi. Akaiinamisha pikipiki kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka matone ya mwisho yakaanguka. Akaifuta nati, akaikagua washa yake, kile kipete chembamba kinachozuia oili isivuje, akairudisha na kuikaza kwa kiasi, kwa kuwa anayekaza kwa hasira hukata nyuzi. Akamimina oili mpya, akapima kwa kijiti, akawasha, akazima, akapima tena.

Waendesha pikipiki wenzake walibadilishia oili kwa fundi wa barabarani, pale ardhi ilipogeuka nyeusi kama tako la sufuria. Vitalis alikuwa amejifunza mwenyewe, kwa kutazama na kuuliza, na alijivunia hilo kuliko alivyojivunia pikipiki yenyewe.

Gertruda aliinama, akaitazama ardhi. "Kweli. Hata tone."

"Kawaambie wenzako kisimani."

Likabaki beseni. Wengine humwaga shambani, lakini shamba la Vitalis lilikuwa kwenye mteremko, limechimbwa mashimo ya ngolo ya kuzuia mmomonyoko kama walivyochimba babu zake, na maji yote ya mteremko ule huzama ardhini na kutokea chini kwenye chemchemi inayonywewa na nusu ya kijiji. Kumwaga huko aliona ni dhambi. Kumwaga barabarani aliona ni ushenzi. Akasimama na beseni lake mkononi, macho yakaangukia vichanja vya kuanikia kahawa. Mwaka uliopita mchwa walikuwa wamekula miguu miwili, kichanja kikaanguka na kahawa yake mvuani. Na nani asiyejua kwamba mti uliopakwa oili chafu, mchwa hawausogelei?

Alichukua brashi ya kupakia chokaa, akapaka miguu yote. Oili ikabaki. Akapaka na miti ya juu, ile inayobeba wavu wa waya. Alipomaliza, beseni lilikuwa tupu. Akalipangusa kwa tambara, tambara akalichoma moto, akanawa mikono kwa sabuni na mchanga mpaka viwiko. Siku hiyo alikula ugali kwa raha ya mtu ambaye hakupoteza kitu chochote, hata uchafu wake.

Kahawa ilimenywa, ikalowekwa, ikaoshwa, ikaanikwa. Jua la majira yale lilikuwa la kuazima; likitoka kwa saa mbili tu, ukungu unarudi kulidai. Kila ukungu uliporudi, Gertruda aliifunika kahawa kwa turubai, na asubuhi alilifunua likiwa na jasho kwa ndani. Vilikuwa vichanja vizuri, vilivyonyooka. Wapita njia walivisifu.

Ilipokaribia kukauka, Gertruda aliketi kuchambua punje mbovu. Kwa muda alichambua akiimba. Kisha akanyamaza.

"Baba Hilaria, njoo unuse."

"Ninuse nini?"

"Nusa tu. Mkaguzi si wewe?"

Ndivyo ilivyokuwa. Katika kikundi chao cha wakulima, kahawa ya kila mwanachama ilimwagwa ghalani katika rundo moja na kwenda mnadani kwa jina moja. Kwa hiyo walichagua mtu mmoja wa kunusa kila gunia kabla halijamwagwa, na mtu huyo alikuwa Vitalis. Walimchagua kwa sababu ya usafi wake. Hakuna aliyepinga.

Alikuja akijipangusa mikono. "Ni mikono yako. Umeshika pikipiki."

"Pikipiki nimeshika mimi? Au inaendeshwa na mimi siku hizi?"

Vitalis alichota kahawa kwa viganja viwili, akaipulizia pumzi ya moto kama afanyavyo ghalani, akaisugua, akazamisha pua. Ilikuja kwanza harufu ya majani makavu, ambayo ndiyo harufu ya kahawa njema. Halafu, kutoka chini yake, nyembamba kama uzi, ikaja harufu ya gereji.

Akaimwaga. Akachota upande mwingine. Akazunguka kichanja chote, akichota na kunusa, akichota na kunusa, mpaka Gertruda akasema, "Basi. Hutaimaliza kwa kuinusa."

Waliiondoa kwenye vichanja, wakaitandaza kwenye mikeka, wakaigeuza siku baada ya siku. Harufu ilipungua. Haikwisha.

"Tuwauzie walanguzi," Gertruda alisema. "Wale hawanusi. Wanapima, wanapakia, wanakwenda."

"Mkaguzi auze kwa walanguzi? Watu watauliza kwa nini."

"Uwaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba mimi ninayewarudisha wenzangu na magunia yao kwa sababu ya moshi, nimekwenda kupaka oili kwenye kichanja?"

"Hivyo hivyo. Mbona umeshayasema? Maneno mafupi tu."

Vitalis alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Wewe unaona maneno. Mimi naona nyuso. Augustino na mdomo wake atanitungia wimbo. Isitoshe, magunia yetu ni machache. Yakichanganyika na ya kijiji kizima, ni chumvi umetupa mtoni."

"Chumvi ni chumvi," Gertruda alisema. "Huyo panya anayekufa kwenye mtungi huwa mkubwa kiasi gani?"

Vitalis alimpa mgongo. Alikuwa anatafuta kamba ya kufungia magunia kwenye pikipiki.

Siku ya kupokea kahawa, foleni ya ghalani ilifika barabarani. Mbele ya Vitalis, na gunia lake miguuni, alisimama Katarina, mjane aliyelingana kwa umri na mama yake Vitalis. Msimu uliopita mvua ilimharibia mambo, akamalizia kukausha kahawa yake karibu na jiko. Vitalis aliinusa, akasikia moshi, akamrudisha. Katarina alijitwika gunia lake tena, akapita nalo katikati ya watu wote hadi kwake, na watoto nyuma yake wakipiga chafya za kujifanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tupige mtihani wetu."

Vitalis aliingiza mkono juu, katikati, hadi chini kabisa ya gunia. Ilikuwa kahawa safi kuliko zote alizonusa siku ile.

"Safi, mama."

"Nusa tena, nisije nikaitwa kesho. Mwaka huu nimelala nayo nje kama nauguza mtu."

Watu wakacheka. Vitalis akanusa tena. "Nimesema safi. Mwaga."

Ikaja zamu yake. Kanuni ilisema kahawa ya mkaguzi inanuswa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa mzee Tobias, ambaye kibati chake cha ugoro hakikupoa mfukoni.

"Mimi na kunusa wapi na wapi?" Tobias alisema, akipangusa pua. "Pua hii imebaki pambo. Na hata ingekuwa nzima, kahawa ya Vitalis ninuse nini, nisikie sabuni?"

"Huyo hata pikipiki yake inaogeshwa kabla ya kwenda kanisani," alidakia Augustino, ambaye hakuna mkutano aliowahi kukaa kimya. "Mwaga, mkaguzi, watu tuna njaa!"

Vitalis alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi. Hakuwa amejiandaa kwa kuaminiwa. Kama Tobias angeinama tu, angejifanya tu, pengine ulimi wake ungefunguka. Lakini mzee alikuwa amekwisha kumgeukia mwingine. Vitalis alilifungua gunia la kwanza, akalimwaga, akamwaga na mengine, upesi. Katarina, aliyekuwa amebaki kusaidia kusawazisha rundo kwa reki, akaipokea kahawa ile na kuichanganya na ya kwake na ya wote.

Habari ililetwa na Tumpe, afisa kilimo wa kata, binti wa Mbeya aliyependwa kwa kusema mambo bila kuyazungusha. Siku hiyo alizungusha. Aliulizia watoto, akaulizia mahindi, mpaka mzee Tobias akamwambia, "Binti, tua mzigo."

"Waonjaji wa mnadani wameikataa," Tumpe alisema. "Wanasema ina harufu ya mafuta. Ya mashine. Itauzwa na zile za daraja la mwisho kabisa, na hapo apatikane wa kuitaka."

Mama mmoja akaketi chini palepale, kwenye vumbi, na kanga yake mpya. Augustino akavua kofia. Alikuwa amekwisha kuezua nyasi za paa lake akingojea kununua bati kwa pesa ya kahawa. Familia ililala chini ya turubai.

"Ni lori!" mtu akapaza sauti. "Malori haya yanabeba makaa ya mawe mgodini Ngaka, yanakuja kubeba kahawa yetu!"

"Sampuli ilichukuliwa hapahapa kabla lori halijafika," Tumpe alisema polepole. "Samahani sana. Imetoka humu ndani."

Watu wakaanza kutazamana. Vitalis aliyasikia macho yakizunguka. Hayakutua kwake. Yalimpita kama maji yapitavyo jiwe, yakaenda, yakamkuta Katarina.

"Nani hapa bado anawasha koroboi?" Augustino aliuliza. "Mafuta ya taa nayo ni mafuta."

"Koroboi yangu inakaa jikoni," Katarina alisema akisimama. "Kahawa yangu haikuingia jikoni hata siku moja. Mkaguzi aliinusa mara mbili, mbele yenu nyote."

"Mwaka jana moshi, mwaka huu mafuta. Mwaka kesho utatuletea samadi, mama?"

Wachache walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliofiwa. Mzee Tobias akainua mkono. "Tusimwonee mtu. Vitalis, pua yetu ni wewe. Uliinusa ya mama huyu. Ulisikia nini?"

Vitalis akasimama. Aliliona neno la kusema; lilikuwa fupi, kama alivyosema Gertruda. Akaona pia shati lake lililopigwa pasi, na watu wale wote wakimngojea kwa heshima, na Augustino aliyeshika kofia.

"Sikusikia kitu," alisema.

Katarina akashusha pumzi.

"Lakini watu walikuwa wengi siku ile," Vitalis akaongeza, "na pua nayo huchoka. Siwezi kuapa."

Hakusema uongo. Baadaye alijirudia hivyo mara nyingi, kwamba hakusema uongo. Palepale wakakubaliana kwamba kahawa ya Katarina iliyobaki mitini haitapokelewa mpaka kikundi kijiridhishe. Katarina alimtazama Vitalis kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao cha njia asiyoijua. Halafu akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Gertruda hakugomba. Vitalis alikuwa amejipangia majibu ya ugomvi, yakamkalia tumboni bila kazi. Mkewe alipika, akatenga, akamnawisha, akarudi kula jikoni peke yake.

"Niseme sasa, iwe nini?" Vitalis alimuuliza kupitia mlango wa jiko. "Kahawa itarudi? Paa la Augustino litaezekwa? Nikisema watataka niwalipe wote. Tutauza pikipiki, tutauza shamba, Hilaria atarudi nyumbani kutoka shuleni. Kwa kosa la kupaka oili! Nani ambaye hajawahi kupaka oili?"

"Oili hukumwaga," Gertruda alisema kutoka motoni. "Nilitazama mwenyewe."

"Sasa?"

"Kula, chakula kinapoa."

Jumapili wakaenda kanisani, wakakaa kama kawaida, wanaume huku, wanawake kule. Wakati wa komunyo Vitalis alisimama na mstari wake, maana asiposimama watu watahesabu. Akirudi na mikono kifuani, alimwona Gertruda. Alikuwa ameketi peke yake katika benchi tupu, amekunja mikono, anatazama mbele. Wenzake walimpita wakirudi, wakimkwepa magoti, na kila aliyempita alimtupia jicho. Walifikiri ana dhambi.

Kurudi nyumbani, Gertruda alitangulia mbele peke yake.

Alasiri moja ya juma lililofuata, Vitalis alikuwa uani akikaza cheni ya pikipiki alipomwona Katarina akipanda mlima. Alikuja polepole na ndoo ya kahawa mbichi kichwani, nyekundu, imechumwa siku hiyo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Sikai." Aliishusha ndoo, akaiweka kando ya kichanja, akapumua. Gertruda alitoka jikoni, akasimama mlangoni. "Nimekuja na ombi, mkaguzi. Kahawa yangu ya mwisho ndiyo hii inaiva. Kikundi hakiipokei kwa sababu hawaamini ninakoianika. Nikafikiri: kichanja ambacho hakuna mtu atakitilia shaka ni cha nani? Ni cha Vitalis. Nipe nafasi kidogo, hata pembeni. Nitakuja kuigeuza mwenyewe. Wakiuliza, nitasema imekauka kwenu."

Vitalis aliitazama miti ya kichanja. Ilikuwa inang'aa juani, imara, haijaguswa na mchwa. Alijua kahawa ya mama huyu ikilala hapo itatoka na harufu ileile, na safari hii watamfukuza moja kwa moja. Kusema ndiyo ni kummaliza. Kusema hapana kunataka sababu.

"Haiwezekani, mama," alisema.

"Nafasi ipo, naiona."

"Si nafasi." Cheni ilikuwa bado mkononi mwake. "Mimi ni mkaguzi. Nikiichukua kahawa yenye... kahawa ya mtu aliyesimamishwa, nikaiweka juu ya vichanja vyangu, watu watasemaje? Nina jina la kulinda."

Katarina alikuwa na subira ya ajabu, kana kwamba sentensi ya Vitalis haijaisha na yeye anangojea imalizike.

"Ni hiyo tu sababu?" aliuliza.

"Ni hiyo."

"Haya, mwanangu. Umesema." Akainama, akaichukua ndoo, akajitwika bila kusaidiwa, akaanza kuteremka.

Gertruda akatoka mlangoni. Alipita mbele ya mumewe kana kwamba anapita mbele ya nguzo, akamfuata mama yule mbio, peku, hadi mgombani. Vitalis aliwaona wakisimama. Aliuona mkono wa Gertruda ukionyesha kule juu, vichanjani, ukashuka ukafunika uso. Akangoja. Alijua sasa Katarina atapiga yowe, atatupa ndoo, atageuza njia kwenda kwa mzee Tobias, na hapo jioni watu watajaa uani. Na, ajabu, kitu fulani ndani yake kilitamani iwe hivyo upesi.

Katarina hakupiga yowe. Aliweka mkono begani mwa Gertruda, akauacha hapo kidogo. Kisha akashika njia ya kwake.

Gertruda alirudi akihema.

"Umemwambia," Vitalis alisema.

"Nimemwambia. Alikuwa anajua."

"Anajua nini?"

"Alikuwa na reki mkononi siku unamwaga. Kahawa yako ilimwangukia miguuni. Anasema tangu ulipomrudisha kwa moshi hajawahi kuacha kunusa. Hata maji anayanusa."

"Mbona hakusema? Mkutano mzima, mbona hakusema?"

"Nilimuuliza. Amesema, aliyefukuzwa kwa moshi akisema mkaguzi ananuka oili, nani atamsikiliza?" Gertruda alijipangusa uso kwa pindo la kanga. "Hakuja kuomba kichanja, baba Hilaria. Alikuja ili useme mwenyewe. Alifikiri ukiona hatari ya kumharibia mara ya pili, utasema."

Vitalis aliketi kwenye kigogo. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, ukafunika chemchemi, ukafunika mashimo ya ngolo safu kwa safu. Gertruda hakuondoka. Alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano alikuwa anamtazama usoni.

Kutoka barabarani sauti ikaita. Ilikuwa ya Augustino. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia.

"Mkaguzi! Umo?"

"Nimo."

"Mzee Tobias anasema kesho asubuhi tunapokea kahawa ya pili. Safari hii unuse kila punje, baba! Usimhurumie mtu. Tunakutegemea wewe tu."

Gertruda bado alikuwa anamtazama. Vitalis alifungua kinywa, na kwa muda mfupi sana hata yeye hakujua kitatoka nini.

"Nitakuwepo," akajibu.

Baiskeli ikaendelea na safari yake, ikigonga mawe. Gertruda aligeuka, akaingia ndani, na Vitalis akasikia mlango ukifungwa kwa komeo.